Maspika ya Nusu Inchi

Kwanza niweke jambo moja sawa: koti langu la mvua lilikuwa zima. Mdogo wangu amewaambia watu kwamba alikata koti bovu lililotupwa nyuma ya mlango. Uongo mtupu. Lilikuwa limetundikwa, halikutupwa, na vifungo vyake vyote vilikuwepo. Nilirudi kutoka sokoni siku ile nikakuta mkono mmoja na kola vimebaki juu ya meza ya kukatia, na yeye ameinama anachora duara kwa chaki mgongoni mwa koti langu, ametulia kama mtu ambaye hajawahi kumkosea yeyote.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Wateja wanamwita Nusu Inchi, kwa sababu kila nguo anayoshona anaifichia nusu inchi ya ziada kwenye mshono, eti mtu huondoka mwembamba akarudi mnene. Anashona sare za shule zaidi, na suruali za watu wazima wakija. Ni mrefu kama mimi. Kwetu wote tumetoka hivyo, tunaingia milangoni kwa kuinamisha vichwa. Tunaishi watatu: yeye, mimi dada yake mkubwa, na binti yake mmoja tu, ambaye tangu mtoto tunamwita Pini. Pini hakurithi urefu wetu. Akisimama katikati yetu anaonekana kama mtu aliyeketi.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya Pini. Alikuwa amepata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitatu, na tiketi yake ilikuwa ya Jumamosi. Nisiseme mengi kuhusu hilo. Mtoto umemlea wewe, umempiga mswaki, umemfundisha kutia uzi kwenye sindano, halafu siku moja anakuonyesha karatasi yenye tarehe. Nilimpongeza. Kisha nikaenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Mama yake alifariki Pini akiwa na miezi minane. Wifi yangu yule alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, anacheka mpaka anajishika ubavu. Walikutana na mdogo wangu kwenye kiwanda cha nguo, yeye akikata, wifi akishona kola. Kiwanda kilikuwa na kwaya ya wafanyakazi, na wifi ndiye aliyekuwa akiongoza. Kimo kile kidogo, sauti ilikuwa inatoka wapi, hata sisi tulikuwa tunaulizana. Nyumbani aliimba akiosha vyombo, akianika nguo, akitafuta kiatu kilichopotea. Mimi nilikuwa namwambia, "Wifi, punguza kidogo, wengine tuna vichwa." Alikuwa anapunguza kwa mistari miwili halafu anasahau. Leo hii angeimba alfajiri, angeimba sikioni mwangu nikiwa na homa, wala nisingefungua mdomo.

Alichoacha cha sauti ni kanda moja. Siku moja kiwanda kilimleta mtu wa kurekodi, akasimamisha maikrofoni mbili, moja kushoto na moja kulia, kwaya ikajipanga nusu duara na wifi akawekwa katikati. Nyimbo nne. Wa tatu ameuimba yeye, wengine wanaitikia tu.

Pini alikuwa ameisikia kanda hiyo, lakini kwa redio yetu ndogo yenye spika moja ya ukubwa wa kifuniko cha chupa. Akaweka simu mbele ya redio, akairekodi, awe anatembea nayo. Sasa Jumapili moja tunakula mchana, zikiwa zimebaki wiki mbili aondoke, akaiwasha simu mezani. Tukasikiliza. Akauliza bila ubaya wowote, "Baba, kwani mama alikuwa anaimbia puani?"

Nusu Inchi aliweka kijiko chini. Hakukasirika, ila uso ulimbadilika, nikamwona kama siku ile ya msiba. Akasema, "Mama yako hakuwa mdogo hivyo." Akanawa mikono, akaenda chumba cha mbele, akaanza kushusha majora ya vitambaa kutoka juu ya vitu viwili ambavyo mimi kwa miaka ishirini na tatu nilikuwa nimeshavihesabu kuwa meza.

Hayakuwa meza. Yalikuwa maspika, masanduku mawili ya mbao yanayonifika juu ya magoti, waliyoyanunua wao wawili walipooana, kutoka ukumbi wa dansi uliokuwa unafungwa. Jumamosi mchana walikuwa wanasogeza viti, wanawasha, wanacheza, na mimi dirisha langu linatetemeka. Wifi alipoondoka, mdogo wangu aliyafunika kwa kitambaa, akaweka jora la kwanza juu, kisha la pili. Hatukuwahi kuzungumza juu yake. Amplifaya na deki ya kanda aliviweka chini ya kitanda vikiwa vimefungwa shuka.

Alipoyafungua, ilikuwa huzuni. Ile karatasi ya duara inayotikisika ndani ya spika hushikwa pembeni na pete ya sponji, na sponji ilikuwa imeoza. Ukiigusa inabaki kidoleni kama makombo ya keki. Nyaya zilikuwa na kutu. Vibati vya nyuma vya kufungia waya, ambavyo kwa kawaida kimoja huwa chekundu na kingine cheusi, vyote vilikuwa vimechujuka vikawa rangi ya matope. Tukamwita fundi redio wa kona, mzee ambaye ukimpelekea kitu kibovu anafurahi kuliko ukimpelekea salamu. Akatazama, akasema pete mpya zipo, lakini zinaagizwa, zitafika Pini ameshazoea kazi huko, na bei yake ni ya kutukana watu. Akaichukua na ile kanda, akaiangalia kwenye mwanga. Akasema imevutika, imekuwa nyembamba, deki inaweza kuimeza siku yoyote. Msiipige ovyo, akasema. Mara chache, tena kwa sababu.

Basi hapo ndipo Nusu Inchi akawa mtu mwingine. Alisema kama pete ni kitu cha kukatwa duara, kilaini, kinachonyumbulika na hakipitishi hewa, basi hiyo ni kazi ya fundi cherehani, siyo ya kuagiza. Na kitambaa kilaini kisichopitisha hewa ndani ya nyumba hii kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa na vifungo vyangu.

Nilinuna siku mbili. Lakini nikiwa nimenuna nilimwangalia, na siwezi kusema uongo, alifanya kazi ya kupendeza. Alikata pete nne ili zikiharibika mbili zibaki mbili. Alizifinyanga kwa mvuke wa pasi mpaka zikapata mkunjo. Ili karatasi ikae katikati kabisa isikwaruze, alichomeka vipande vyembamba vya karatasi ya kukatia mitindo kuzunguka pale katikati, akagandisha pete kwa gundi ya viatu, akangoja siku nzima, ndipo akavichomoa kimoja kimoja bila kupumua. Ndani ya masanduku alijaza pamba ya mabega ya makoti, kwa sababu fundi redio alisema sanduku tupu linapiga mwangwi. Fundi redio huyohuyo alimpa kapasita mbili, vile vijidude vya ndani vya kuchuja sauti, zilizotoka kwenye maspika mengine, za zamani zikiwa zimekauka. Nyaya mpya alitoa kwenye waya wa pasi iliyokufa: mmoja wa kahawia, mmoja wa buluu. Sare za watoto wa watu zikalala mezani hazina mikono. Mama mmoja alikuja kudai sketi, mimi ndiye niliyemdanganya kwamba fundi anaumwa.

Kisha akahamisha vyerehani. Alivitenganisha, kimoja ukuta huu na kingine ukuta ule, akapandisha spika juu ya meza ya kila kimoja, akachukua futi ya kushonea akapima kutoka sakafuni. Akatikisa kichwa. Akaingiza vibao chini ya miguu ya vyerehani. Akapima tena. Kibao kingine. Nikamwambia atashona amesimama kama twiga, naye akasema, "Dada, niache." Daftari lake la vipimo lilikuwa wazi pembeni, kurasa zimekuwa za njano, lakini mimi wakati huo nilikuwa na hasira za koti na sikuangalia vizuri.

Jumatano mchana aliniita na Pini. Alikuwa amevaa shati la kutokea. Alimketisha Pini kwenye kiti katikati ya chumba, mimi nikasimama mlangoni, yeye akaweka kanda, akaisogeza taratibu hadi wimbo wa tatu, akabonyeza.

Sijui nieleze vipi. Redio yetu mbovu angalau ilikuwa inakuonyesha kwa kidole: yule pale, kwenye kopo. Haya maspika makubwa yalitoa sauti ya wifi yangu, kweli, ni yeye, maneno yote yapo. Lakini ilikuwa nyembamba, haina kifua, na haikuwa mahali. Mara iko ukutani, mara iko nyuma ya kisogo changu. Pini aligeuka akatazama mlangoni, kisha akatazama dari. Waitikiaji walikuwa wamesimama kushoto na kulia kama kawaida yao. Pale katikati alipotakiwa kuwa mama yake palikuwa na shimo. Sauti ipo, mwenyewe hayupo.

Wimbo ulipoisha Pini alisema asante, baba, imekuwa nzuri. Mtoto huyu nimemlea mimi, najua anavyosema kitu kizuri na anavyosema kitu cha kumfurahisha mtu. Na baba yake anajua vilevile. Akatoa kanda, akaifuta kwa kitambaa, akasema tu kwamba imekufa. Tumengoja mno, akasema, na imekufa. Akaenda kulala saa tisa za mchana.

Alhamisi hakuamka kushona. Nilimpelekea chai, akaniambia niiweke. Akawa ameelekea ukutani, miguu imepita mwisho wa kitanda, akaniambia maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyasema kwa miaka yote hiyo: kwamba yeye mwenyewe ameanza kuisahau. Anakumbuka kwamba sauti ilikuwa kubwa, lakini haisikii tena kichwani. Alidhani akiisikia sawasawa mara moja tu, pamoja na mtoto, itarudi. Sasa mtoto anaondoka na ile ya puani, na yeye anabaki hana hata hiyo. Nilitaka kumfokea, ndiyo namna yangu. Nikashindwa. Nikaketi pembeni ya kitanda chai ikapoa.

Halafu nikavaa kanga yangu nikaenda kwa fundi redio, kwa sababu mtu akikata koti langu halafu kazi isifae, lazima nijue kwa nini.

Fundi redio alinisikiliza huku amefumba macho. Aliniuliza kitu kimoja tu: besi ipo? Nikamwambia hakuna, imekonda, imekuwa kama sauti ya mtu aliyetoka kuugua. Akafungua droo, akanipa betri ndogo ya saa ya ukutani. Akasema niiguse kwenye nyaya za spika ya kwanza, wa kahawia upande wa chanya, wa buluu upande wa hasi, nitazame karatasi inaruka kwenda wapi. Kisha nifanye vilevile kwa ya pili. Zote mbili lazima ziruke nje. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, zinanyang'anyana: hii inasukuma hewa, ile inaivuta, na yule wa katikati anapotea.

Nilirudi mbio, na magoti yangu haya. Nikamtoa Nusu Inchi kitandani kwa kumvuta shuka. Pini alishika betri. Spika ya kushoto, karatasi ikaruka nje, tuk. Spika ya kulia, nyaya zilezile, rangi zilezile. Ikaingia ndani.

Mdogo wangu aliinama akaiangalia ile spika. Akasema haiwezekani, alizifunga sawa kabisa, tena kwa uangalifu. Alizilaza mezani zikiangaliana, akaweka waya wa kahawia upande wa nje kwa hii, na wa nje kwa ile. Akatuonyesha kwa mikono yake: hivi, na hivi. Na mikono yake ilipokuwa hewani nikaiona kazi yake yote ya miaka arobaini. Anavyolaza kitambaa uso kwa uso. Anavyokata kulia na kushoto ili viangaliane, mfuko na mfuko, bega na bega, kwa sababu fundi akikata pande mbili zinazofanana ameharibu nguo na kila mtu atamcheka.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, haya si mikono ya shati. Hayana kushoto na kulia."

Alinitazama. Kisha akacheka, cheko la kwanza wiki nzima, akaketi sakafuni mgongo kwenye meza, akacheka mpaka akafuta machozi, na sijui mwishoni yalikuwa machozi ya nini. Pini alichukua bisibisi. Kubadilisha nyaya mbili kulichukua muda wa kunywa maji.

Ijumaa alasiri tukajipanga tena. Mabegi ya Pini yalikuwa yamefungwa, yako mlangoni. Safari hii alimwambia baba yake aketi yeye kwenye kiti, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi. Yeye mwenyewe akasimama pembeni ya deki. Kanda ikazunguka, ikakwaruza kidogo. Nilisema kimoyomoyo, isimezwe, isimezwe, baada ya hapa imezwe ikitaka.

Kwanza tulimsikia akivuta pumzi. Hiyo hatukuwahi kuisikia popote. Halafu akaimba.

Alikuwa pale. Siwezi kusema vingine. Kati ya vyerehani viwili, mbele ya kioo cha wateja, mahali pasipo na kitu, wifi yangu alikuwa amesimama anaimba kwa kifua chake chote, na dirisha langu likatetemeka. Nilishika mlango. Nilitaka kumwambia ongeza, wifi, ongeza sauti.

Pini alianza kutembea. Hakuwa anajua anakwenda wapi, nadhani; alikuwa anaifuata sauti kama mtu anayefuata harufu. Akafika katikati, akageuka kumtazama baba yake, kama anauliza ni hapa?

Nusu Inchi akanyanyua mkono. "Usisogee," akasema. "Mwanangu, usisogee."

Ndipo na mimi nikaona alichokuwa anakiona. Kutoka pale kwenye kiti, sauti ya mama ilikuwa inatoka mdomoni mwa mtoto. Si juu yake, si chini yake. Mdomoni. Nikakumbuka vile vibao na ile futi, na daftari la kurasa za njano. Lilikuwa bado liko juu ya meza. Nikalisogelea: vipimo vya gauni la harusi, bega hadi sakafu, na chini yake kwa wino mpya ameongeza shibiri moja ya kutoka begani mpaka mdomoni, na nusu inchi ya viatu. Alikuwa ameyapandisha maspika mpaka urefu wa mkewe. Hakujua kwamba amempima na binti yake pia.

Pini hakusogea. Wimbo una beti tatu, alisimama zote, machozi yanashuka na mikono imeshuka, na baba yake hakupepesa jicho. Ulipoisha, alisema kwa sauti ndogo, "Shangazi, kumbe alikuwa mfupi kama mimi." Miaka yote hiyo nimempikia na kumsuka, na sikuwahi kumwambia kitu rahisi kama hicho. Nilidhani anajua.

Jumamosi tulimsindikiza. Mvua ilinyesha, nikalowa chapachapa kituoni, na naomba iandikwe mahali kwamba sikulalamika.

Vyerehani havijarudi mahali pake. Nusu Inchi anashona amesimama, na wateja wanadhani ni ugonjwa wa mgongo. Mimi nikipita chumba cha mbele ninazunguka, sikatizi pale katikati. Kanda aliificha, wiki tatu hakuigusa. Kisha Jumamosi moja mchana nikasikia anaiweka, nikaenda nikasimama mlangoni. Alikuwa kwenye kiti chake, anatazama pale mbele ya kioo, patupu. Sauti ilikuja vizuri tu, mahali pake palepale. Lakini nilimwona macho yanatafuta.

Sikufikiri. Nikaenda nikasimama pale mimi, limwili lote hili. Akanitazama kidogo, akaninyooshea kidole. Akaniambia kwamba inatokea kifuani kwangu.

"Dada," akasema, "inama kidogo."

Miye magoti yangu hayainami kwa mtu, hata daktari anajua. Nikashika meza ya cherehani, nikapiga magoti sakafuni, nikanyanyua uso, nikakaa hivyo mpaka ubeti wa mwisho.